Tumbo Lililolisha Nyumba

Wazazi wenzangu, nawaeleza habari za nyumba ya jirani yangu, na kina baba msijifanye haziwahusu.

Ilikuwa nyumba tulivu. Jioni kipindi kikianza, mke, watoto na bibi yao walijipanga sebuleni kumtazama baba kwenye runinga, naye baba mwenyewe kakaa nyuma yao anamenya chungwa. Katika tamthilia ile alikuwa Shemeji, mgeni asiyealikwa. Maneno yake yalikuwa machache. Aliingia, akavuta sufuria, akala, kisha akafungua vifungo vya shati na kulipiga tumbo mpaka likatikisika. Basi. Watu walicheka hadi machozi. Miaka ikapita hajapewa kingine cha kufanya, na tumbo hilo ndilo lililolipa karo na kodi.

Siku moja daktari akamkuta na kisukari. Alimwagiza apungue mwili, na akague nyayo zake kila siku, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuumia asisikie.

Alianza vizuri, nampa haki yake. Alitembea asubuhi, akala mboga, suruali zikaanza kumpwaya. Hapo mwongozaji wa tamthilia akamwita pembeni, akamweleza kuwa watazamaji wanalalamika Shemeji amekonda. Yeye akaomba afungiwe mto ndani ya shati. Mwongozaji akamjibu kwamba mto hautikisiki, na kwamba kuna kijana mwingine mnene anasubiri kuitwa.

Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Mke hakuwa mtu mbaya. Aliwatazama watoto, akaifikiria kodi, akabandika sufuria kubwa.

"Kula tu mpaka msimu huu uishe, baba watoto," alimwambia. "Halafu utapumzika."

"Ukiisha huu wanaanza mwingine. Unajua."

Akala.

Na huko nje hakuachwa apumue. Dukani, msibani, hata kwenye foleni ya hospitali, watu walimwomba atikise. Akikataa, anaambiwa siku hizi anaringa. Kwenye harusi moja waliweka sinia zima mbele yake, wageni wakamzunguka na simu zao. Mwenye kisukari analishwa, watu wanarekodi.

Kidole cha mguu kilipochubuliwa na kiatu, hakusikia. Kukiona pia hakukiona, kwa sababu akiinama tumbo linamzuia. Aliyekigundua kidonda ni binti yake, kwa harufu. Madaktari wakaukata mguu chini ya goti.

Mwongozaji alikuja wodini na mfuko wa matunda. Akatoa pole, akaketi, kisha akaeleza kwa upole kabisa kwamba mwandishi ameshapata wazo: Shemeji anaingia na magongo, anarukaruka kuiwahi sufuria. Aliamini watu watacheka kuliko zamani.

Mke akasimama. "Kaka, chukua matunda yako. Mume wangu harudi huko."

Mgonjwa akamvuta mkono, akamkalisha.

"Nikitoka huko niende wapi, mama watoto? Nani atamwajiri Shemeji?" Akamgeukia mwongozaji. "Tunarekodi lini?"

Anarekodi mpaka leo. Mguu uliobaki nao umepata kidonda.

Funzo la habari hii

Daktari akisema kazi inamuua mlezi wenu, msisubiri msimu uishe. Kaeni siku hiyohiyo mpange mtakavyoishi bila kazi hiyo. Hamieni nyumba ndogo, watoto wabadili shule, mama atafute biashara. Mtachekwa kidogo, halafu watu watasahau. Yule mke alisema neno la kweli, ila alilisema wodini, mguu umeshakatwa.

Mwenye kisukari asiyeweza kuinama awe na mtu wa kumtazama nyayo kila siku. Kazi hiyo hata mtoto anaiweza.

Nanyi watazamaji, mkikutana na mwigizaji barabarani, msalimieni kama baba wa watu, kisha mwacheni apite. Sahani yenu kaleni wenyewe.