Posa ya Simbilisi

Sogeeni, sogeeni! Masikio yafunguke, midomo ipumzike. Haya yalitokea kule Tukuyu, na majirani wameyasema yote.

Palikuwa na mtoto wa miaka sita, jina lake Tusekile. Tusekile alitaka simbilisi. Si kesho. Leo!

Simbilisi unamjua? Mviringo kama andazi, mkia hana. Akiona majani hupiga kelele: wii, wii, wii!

"Mama kakubali," Tusekile akamwambia shangazi yake, Shangazi Lugano. "Twende tukanunue, shangazi. Twende sasa hivi!"

Shangazi Lugano alikuwa na kazi yake pale mtaani. Kijana akitaka kuoa, shangazi ndiye anayetumwa kuposa. Anabisha hodi, anaangalia nyumba, anauliza hiki, anauliza kile. Hakuna asilolijua!

"Unachukua mtoto wa watu, na kwao hupajui?" akashangaa shangazi. "Hatuendi kununua. Tunaenda kuposa!"

"Kuposa nasemaje?"

"Unasema hodi. Unauliza, *Mama yake yuko wapi?* Halafu unatazama kwa macho yote mawili."

Tusekile akachuma fungu la majani. Wakashika njia. Chwata, chwata, chwata, kwenye matope.

Sokoni walimkuta Baba Lusajo na boksi lake. Ndani, simbilisi saba wamebanana. Mmoja mweupe, mweupe kama maziwa! Moyo wa Tusekile ukaruka.

"Hodi. Shikamoo. Mama yake yuko wapi?"

"Marahaba. Mama wa nini?" akacheka Baba Lusajo. "Beba mtoto uende. Hawa wanakwisha!"

"Chii!" Yule mweupe akapiga chafya. Macho yake yalijaa matongotongo.

"Naweza kuja kwako nione wanapolala?"

"Kwangu hapaingiliki," akasema Baba Lusajo.

Tusekile akamtazama shangazi. Shangazi akagusa macho yake: moja, mbili.

Tusekile alimtaka yule mweupe. Alimtaka sana. Lakini macho yake yote mawili yalikuwa yameona.

Akawapa majani yote aliyokuwa nayo. Kru, kru, kru, wakala upesi upesi.

"Wape na maji, baba," akasema. Akaondoka, machozi yanamtiririka.

Chwata, chwata, chwata, wakapanda kilima mpaka kwa Mama Ikupa, mfugaji.

"Hodi! Shikamoo. Mama yake yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mama yake yuko jikoni. Ingieni!"

Kweli! Kando ya jiko, juu ya nyasi kavu, simbilisi walikuwa wamejipumzisha. Wii, wii, wii!

"Mama ni huyu wa kahawia. Baba ni yule mlafi. Mshike mtoto hapa, na mkono mwingine chini. Hivyo hivyo."

Macho ya yule mdogo yalimeta. Pua ilikuwa kavu. Manyoya, laini! Tusekile akasahau kupumua.

"Namtaka huyu!"

"Polepole," akasema Mama Ikupa. "Sasa zamu yangu. Kwenu atalala wapi?"

"Kitandani kwangu!"

"Umlalie awe chapati? Na paka mnaye? Majani atachuma nani mvua ikinyesha?"

"Makubwa!" akacheka shangazi. "Tumekuja kuposa, tunaulizwa sisi!"

Tusekile hakucheka. Alikuwa anawaza.

"Mbona Baba Lusajo hakuniuliza kitu?"

"Wewe unaonaje?" akauliza Mama Ikupa.

Tusekile akawaza tena. "Nikiondoka na yule mweupe mgonjwa, Baba Lusajo hatamkumbuka."

Mama Ikupa akaitikia kwa kichwa.

"Huyu bado ananyonya," akasema Mama Ikupa. "Rudi baada ya wiki mbili. Na umchukue pamoja na dada yake. Simbilisi akiwa peke yake hunyong'onyea."

Wiki mbili! Tusekile akameza mate.

"Nitangoja," akasema, kwa sauti ndogo.

Akangoja. Akamsaidia baba kujenga kibanda. "Leo?" "Bado." Akatandika nyasi kavu. "Leo?" "Bado."

Na Mama Ikupa? Aliteremka sokoni. Alimsema Baba Lusajo, soko zima likasikia! Kisha akamfundisha kutunza, na wale saba wakapata dawa, maji na nafasi.

"Leo?"

"Leo!" akasema shangazi.

Jioni, dada wawili wakaingia kibandani. Wakajificha kwenye nyasi. Kimya.

"Hawanipendi?" akanong'ona Tusekile.

"Ni wageni," akasema shangazi. "Kwao wanapakumbuka."

Basi Tusekile akakaa chini. Hakuwashika. Hakuwaita. Alinyoosha tu mkono, na kipande cha karoti kiganjani.

Pua moja ikachungulia. Pua ya pili ikachungulia.

Kru, kru, kru.

Tusekile akacheka ndani kwa ndani, asije akawashtua. Hata mama alipomwita kulala, alitoka kwa kunyata.

Wao wamelala. Na wewe je, macho hayo bado wazi?