Walibeba Jenereta, Wakaacha Betri Kabatini

"Muchukue ile. Njo inaniweka muzima."

Mama mkwe wangu alisema hivyo akinyoosha kidole kwenye jenereta ya marehemu mume wangu, eti ndiyo inayomweka hai. Hakunitazama hata kidogo...

Jamani! Huyu ni mama niliyemwogesha kwa mikono yangu mwenyewe.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hapa Kalemie watu wameshaanza kuisimulia wanavyotaka.

Naitwa Tina. Mume wangu Rubens alifariki, akaniachia nyumba na mama yake. Mama ana mapafu mabovu, anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ile inataka umeme kila wakati. Umeme wa mji wetu mnaujua. Unakuja ukijisikia.

Ndiyo maana Rubens aliunganisha vitu viwili. Mchana jenereta inanguruma saa chache na kuzijaza betri. Ikizimwa, betri zinashika hapohapo, na mashine ya Mama wala haishtuki. Betri zenyewe ziko kimya kabatini chumbani kwangu. Mgeni hawezi kujua kama zipo.

Sasa, kwenye ukoo wa Rubens, anayemtunza mama ndiye anayebaki na nyumba, na shangazi ndio wanaoamua. Mdogo wake Achille hakuwahi kuleta hata kipande cha sabuni. Matanga yalipoisha tu, akakumbuka kwamba naye ana mama.

Alikuja na mke wake, Rosalie, kwa gari.

"Mama anahamia kwangu," akasema. "Na weye, mbele ya Jumapili kufika, utoke kwenye nyumba na parseli yote."

"Sitoki."

"Unasema nini?"

"Umesikia. Mimi sitoki."

Akanicheka. Ndipo akamuuliza mama yake ni kitu gani kinachoendesha mashine, na Mama akaonyesha jenereta.

Hasira nilikuwa nazo, lakini sikutaka mtu afe.

"Achille, sikia. Jenereta peke yake haitoshi. Kuko batri..."

"Usinifundishe. Kwangu grupe itawaka muchana na usiku," akasema, akipigapiga jenereta kwa kiganja.

"Ukizima kwa kutia mafuta, mashine itasimama..."

"Tina, nyamaza," Mama akanikatiza.

Mimi! Nilikaa barazani nikawaangalia wanapakia jenereta, mashine, na Mama juu ya godoro nililolinunua mimi.

Kabla ya kuondoka, Achille alitupa mabegi yangu uani. Nililia, sitawaficha. Nilipomaliza kulia niliyarudisha mabegi ndani, nikafua nguo zangu zote na kuzianika mbele ya nyumba, pale ambapo kila anayepita barabarani anaziona. Aliyetaka kujua kama nimehama, jibu lilikuwa kwenye kamba.

Kesho yake mchana nasikia gari linafunga breki getini.

Rosalie alishuka kwanza, khanga imelegea, machozi yanamtoka. Achille nyuma, amembeba Mama. Midomo ya Mama ilikuwa imebadilika rangi.

"Shemeji, tusaidie," Achille akasema.

Leo nimekuwa shemeji.

Nilichukua mashine garini, nikaichomeka ukutani, na betri zikaiwasha bila kelele yoyote. Nikamwekea Mama mirija puani, nikamwinua mgongo kwa mito, nikamshika mkono. Tulikaa hivyo sisi wote wanne mpaka kifua chake kikatulia.

Rosalie ndiye aliyeeleza. Jenereta iliishiwa mafuta. Achille aliogopa kumimina petroli ikiwa bado ya moto, akasubiri ipoe. Alipoivuta kamba, ikagoma kuwaka. Mama akaanza kuhangaika mbele ya shangazi wote walioitwa kuja kuona jinsi mtoto anavyomtunza mama yake.

Achille sasa alikuwa anatazama kabati.

"Basi nitabeba na hizi batri."

Nikasimama mlangoni.

"Utanipitia mimi kwanza."

"Hii ni mali ya kaka yangu!"

"Na mimi ni muke wake. Jaribu."

"Achille." Sauti ya Mama ilikuwa ndogo, lakini ilimsimamisha. "Shangazi zako wameona. Nyumba inabaki ya Tina. Ukirudia tena hiyo neno, usiniite tena mama."

Achille akainamisha kichwa. Mimi nikamgeukia Mama, maana bado nilikuwa nimevimba.

"Mama, ulinisaliti mbele yangu."

"Nilikuwa najua batri ziko wapi, mutoto wangu. Ningekuacha useme, wangezibeba zote, na nyumba ungepoteza. Ningewaambia kama weye njo unanitunza, nani angesikia? Wangesema mujane amenilisha dawa. Ilibidi shangazi waone kwa macho yao kama Achille haniwezi."

"Ungekufa!"

"Toka kwake mpaka hapa ni kona mbili. Na Rosalie anaendesha vizuri."

Rosalie akacheka huku analia. Mimi sikucheka. Nilimwambia Mama kwamba akinifanyia hivyo tena nitamchapa mimi mwenyewe, kisha nikaweka kichwa changu miguuni pake nikalia upya.

Lakini betri zenyewe nazo hazidumu. Bila kujazwa, zisingefika kesho yake. Nikamwambia Achille hivyo.

"Nitaleta grupe na gari," akasema.

"Gari inabaki hapa na Mama," Rosalie akamjibu. "Kuko tipoyi ya kusukuma kwa jirani."

Akaenda. Akarudi akisukuma mkokoteni, jenereta juu yake, jasho linamtiririka, mtaa mzima umesimama mbele ya milango. Hakuna aliyemsaidia. Jenereta ilikuwa imeshapoa kabisa; alipoivuta kamba uani kwangu, ikawaka.

Wajane wenzangu mnaosoma hapa: wakiyatupa mabegi yenu nje, yarudisheni ndani. Jueni kila kitu kinachoiwasha nyumba yenu, na msimame mlangoni. Na usimchukie haraka anayekuambia unyamaze mbele ya adui.

Mimi nipo. Nyumba nipo nayo. Jenereta inanguruma sasa hivi ninapoandika, na Achille ndiye aliyeitia mafuta.