Tisa, Nne, Mbili, Saba

Kopo lilikuwepo. Majani ya chai yalikuwemo. Hata noti mbili zilizofichwa chini ya majani zilikuwa pale pale. Kilichokosekana ni kikaratasi kimoja tu, tiketi ya bahati nasibu ya Namba Nne, na hicho ndicho kilichoshinda.

Inspekta Kanyiva aliliinamia kopo hilo kwa muda, jikoni kwa Mama Muigai, mtaa wa Mountain View. Kando yake Koplo Njuguna alikuwa ameshaimaliza kesi kichwani.

"Afande, mshukiwa tunaye," Njuguna alisema. "Yule fundi wa mabomba, Ochola, alitengeneza hii sinki Jumatatu saa nane mchana. Jumanne mama anaangalia, tiketi hakuna. Kesho asubuhi kortini."

"Na noti aliziacha?"

"Alikuwa na haraka."

"Mwenye haraka harudishi kifuniko, Njuguna."

Kanyiva alikuwa amemwona Ochola asubuhi ile kupitia nondo za seli, mtu wa makamo, mikono bado ina grisi. Alikuwa amesema jambo moja tu: "Madam, mimi hiyo mchezo hata sijui inachezwa aje." Maneno hayo hayakumtoka Kanyiva moyoni.

Mama Muigai aliwaletea chai sebuleni. Alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, mfupi, mwenye maneno yake. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Mwenye nyumba alikuwa anaiuza, na mama, aliyeipanga miaka thelathini, ilimbidi ahame.

"Hizo namba ulizitoa wapi, mama?"

"Ni tarehe za kuzaliwa za watoto wangu wanne. Muigai, kifungua mimba, ni saba. Nyokabi nne. Norman mbili. Ciru, kitinda mimba, tisa."

"Na unachezaje?"

"Kuna njia mbili," mama alisema, akichangamka. "Kuna mpangilio. Hapo namba lazima zitoke vile vile ulivyozitaja, ya kwanza iwe ya kwanza, ya mwisho iwe ya mwisho. Ukipata, umepata kweli kweli. Halafu kuna changanya. Zitoke vyovyote, unalipwa, lakini kidogo sana. Mimi miaka sita ni changanya tu. Watu wananicheka. Nawaambia hawa ni watoto, hawapangwi. Nitamtanguliza nani nimwache nani?"

"Na Jumamosi?"

Mama alizungusha kikombe. "Jumamosi nilicheza mpangilio."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa navunja kitanda cha zamani, nihame nacho. Ikanijia tu." Alitabasamu peke yake. "Tisa, nne, mbili, saba. Na haki ya Mungu, zikatoka hivyo hivyo!"

"Watoto wanajua?"

"Jumapili baada ya kanisa walikula hapa wote. Niliwaambia tiketi imeingia, iko kwa kopo. Ya mpangilio sikuwaambia. Nilitaka washtuke siku nitakapoinunua hii nyumba. Wao wanajua mama yao ni wa changanya."

Kanyiva aliiandika sentensi hiyo ya mwisho kwenye daftari, akaipigia mstari.

Saa sita walikuwa katikati ya jiji, kwenye kibanda cha Sifuna, aliyemuuzia mama tiketi zake zote.

"Mama Muigai? Huyo ni mteja yangu wa siku mingi," Sifuna alisema. "Lakini tiketi yake ililetwa hapa na mwanaume."

"Lini?"

"Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ndiyo nilikuwa nafungua."

Njuguna aliacha kuandika. Saa tatu asubuhi Ochola alikuwa bado hajaitwa hata kuja kuiona hiyo sinki.

"Alitaka kulipwa?"

"Hapana! Hiyo ndiyo ilinishangaza. Nilimwambia, mkubwa, umeomoka, sasa ni tajiri, hii peleka ofisi kubwa. Hata hakucheka. Aliuliza kama ni mashine ilipanga hizo namba. Nikamwambia mashine haipangi kitu, ni mama mwenyewe alitaja moja moja. Akaweka kidole kwa kila namba, polepole, akafika ya mwisho akasimama hapo."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Suti na tai. Uso sikuangalia, kulikuwa na laini ndefu ya wateja."

Walirudi garini. Walipoipita Westlands Njuguna alifunga daftari lake.

"Afande, nilikosea."

"Ulikosea. Na mtu amelala sakafuni kwa kosa lako. Sasa tulirekebishe."

Kanyiva alikuwa anafikiri. Alikuwa ameona wezi wa kila aina, lakini mwizi anayeiba mali kama ile halafu akauliza swali badala ya kudai malipo, huyo hakuvutwa na pesa. Aliumizwa na kitu kilichoandikwa pale. Na pale palikuwa na namba nne tu.

Saa kumi na moja jioni watoto wote wanne walikuwa wamefika, wakiitwa na mama yao. Norman na Muigai wote walivaa suti. Kanyiva aliwahoji mmoja mmoja chumbani, mbao za kile kitanda zikiwa zimeegemezwa ukutani. Aliwauliza wote swali moja.

"Mama yako angelipwa kiasi gani?"

"Changanya?" Norman alicheka. "Labda ya friji. Ndogo."

"Hata kodi ya mwezi haifiki," alisema Nyokabi. "Na mmemfungia fundi wa watu kwa sababu ya hiyo? Jamani!"

"Shopping ya wiki mbili," alisema Ciru.

Mwisho akaingia Muigai, meneja wa benki huko Karen, mwenye miaka arobaini na sita. Aliketi wima.

"Mama yako angelipwa kiasi gani?"

"Angeinunua nyumba hii."

"Kwa changanya?"

Muigai alilegeza tai.

"Wenzako wote wanajua mama ni wa changanya," Kanyiva alisema taratibu. "Alipobadilisha hakumwambia hata mmoja wenu. Ili ujue, lazima uwe umeishika hiyo tiketi."

Muigai alitoa pochi. Tiketi ilikuwa ndani, nyuma ya picha ya watoto wake, haijakunjwa hata pembe.

"Niliichukua Jumapili, nilipokwenda kupika chai. Nilitaka tu kuiona." Sauti yake ilikwaruza. "Baba alipofariki niliacha chuo nikauza viatu Kangemi. Nilimsomesha Norman. Ciru nilimshika mkono mimi siku ya harusi yake. Miaka sita mama anasema hatupangi. Halafu siku anayotupanga, mimi ni wa mwisho. Hata nyuma ya Norman!"

"Ungeifanyia nini?"

"Sijui. Kuichana nilishindwa. Kuipeleka nilishindwa."

"Ulijua Ochola yuko ndani?"

"Jana jioni mama alinipigia."

"Ukalala?"

Muigai aliiweka tiketi juu ya boksi. Kanyiva alihisi hasira ikimpanda, akaimeza, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Mama Muigai, na alikuwa amesikia.

Mama hakuiangalia tiketi. Alikwenda ukutani, akavuta ubao mmoja mrefu wa kitanda, akaulaza sakafuni.

"Tulipokuwa na chumba kimoja Kangemi, mlilala wote wanne hapa. Umesahau? Ukutani Ciru, mtoto. Halafu Nyokabi, kifua chake hakikutaka baridi. Halafu Norman, na mateke yake." Alipiga ubao kwa kiganja, mahali pa mwisho. "Hapa ukingoni nilikuweka wewe, wengine wasianguke. Ukaanguka wewe, usiku baada ya usiku, na hukuniambia hata siku moja. Jumamosi nilipokivunja hiki kitanda nililia. Nikasema, leo nawaandika vile walivyolala."

Muigai alijishika kichwa.

"Mtaa mzima unaniita nani?" mama aliuliza. "Mama nani?"

"Mama Muigai," alisema, na hapo akalia kwa sauti, mtu mzima na tai yake.

Kanyiva aliwaacha kwa dakika chache. Kisha akasema, "Twende kituoni. Utaandika taarifa, na utamwambia Ochola mwenyewe, uso kwa uso. Malalamiko ni ya mama, ataamua yeye. Lakini Ochola halali seli usiku huu."

"Nitamwambia," alisema Muigai.

Mama alikuwa ameshachukua sweta yake. Nje Njuguna alifungua mlango wa nyuma wa gari. Muigai akasimama kando, kama alivyozoea, ili mama atangulie kuingia.

Mama akamsukuma begani.

"Ingia wewe," alisema. "Leo ukingoni nitakaa mimi."