Pingu ya Kuazimwa

Kreti ilipokelewa kwenye makumbusho ya taifa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Uzito: kilo kumi na mbili. Ndani mlikuwa na pingu moja ya mguu, ya mtoto wa miaka sita hivi, iliyochukuliwa nchini enzi za biashara ya watumwa. Makumbusho ya ng'ambo hayakuirudisha. Yaliiazimisha kwa miezi mitatu, kwa mkataba.

"Mwizi kakuazima sufuria yako mwenyewe," alisema mlinzi, "na anataka uirudishe imesuguliwa."

Fundi wa kuhifadhi vyuma, ambaye wenzake walimwita Mama Brashi, hakucheka. Alivaa glavu, akaifuta pingu, akaikausha, akaifungia kwenye kabati la kioo. Kufika adhuhuri, ilikuwa imelowa.

Akaifuta tena. Kitambaa kilitoka na utando wa mafuta, unanata, unanuka kwapa. Aliuchokoa kwa kibano. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ngozi. Laini. Kibichi bado.

Alikimbilia sinki, akatapika chai yote.

Alhamisi alikuja mjumbe wa ng'ambo kukagua, biskuti mkononi. Mkuu wa makumbusho alimsukumia Mama Brashi fomu ya hali ya pingu.

"Andika 'kavu', dada yangu. La sivyo, kazi huna."

"Hili ni jasho, mkuu."

"Ni unyevu wa hewa tu," alisema mjumbe, akilamba vidole.

"Kuna mtoto humu anatoka jasho."

"Waliofanya hayo walishakufa, mama. Sisi hatudaiwi na mtu."

"Wamekufa, lakini pingu mmerithi. Deni ndilo hamkurithi?"

Mjumbe alipangusa makombo mdomoni. Nyuma ya kioo, tone lilidondoka. Kisha jingine.

Mama Brashi alipiga moyo konde. Aliandika: *Jasho.* Akasaini.

Mjumbe aliamuru pingu irudi kwao kesho yake. Mama Brashi aliifungasha mwenyewe. Ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho pale. Kabla ya kupigilia kifuniko, aliinama.

"Mwanangu," alinong'ona, "nenda nao. Kadai mwenyewe."

Aliigusa. Ilikuwa kavu.

Kwenye kona ya kreti, kitu kilihema.

Akapigilia misumari, akatia lakiri ya makumbusho.

Ijumaa, saa tisa alasiri, kreti ilipimwa kwenye ghala la mizigo. Lakiri haikuwa imeguswa. Kilo thelathini na moja. Hati ilisema kumi na mbili. Mpimaji alibadilisha mizani, akapima upya. Thelathini na moja. Ndege iliondoka nayo saa kumi na mbili jioni.