Chatu Aliyekaribishwa Langoni

Saadiya, mke wa Wazir fundi wa vitanda na masanduku hapo mtaa wa Langoni, alizoea kutoa salamu kila aingiapo nyumbani, hata kama anajua hamna mtu. Mamake alimfundisha hivyo tangu utotoni. Siku moja, baada ya adhuhuri, alirudi kutoka kwa jirani, akatoa salamu akiwa bado ngazini, na sauti ya mwanamume ikamwitikia kutoka chumba cha ndani, kwa upole, neno kwa neno, mpaka kwenye rehema na baraka.

Alidhani ni mumewe. Lakini Wazir alikuwa karakanani, na mama mkwe wake, Bi Khairiya, alikuwa amekwenda matangani Shela. Chumbani hamkuwa na kiumbe ila chatu wake, amejikunja ndani ya kikapu cha ukili, kichwa amekilaza ukingoni, akimtazama. Saadiya akajiambia kwamba jua limempiga kichwani. Hakumwambia mtu.

Chatu huyo aliingia nyumbani miaka ile serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiweka mahabusu kisiwani Manda. Vyombo vya baharini vilikuwa vikipekuliwa na kuni zilikuwa haba, basi mtu akipata mzigo kutoka Mokowe, bara, aliuchukua ulivyo, bila kuchagua. Saadiya aliufungua mzigo jikoni akamkuta katikati ya vijiti, mwembamba kama kidole. Alifungua mdomo apige ukelele. Yule nyoka akaupanda mkono wake taratibu, akajizungusha kwenye kifundo, akatulia. Alikuwa baridi kama mtungi wa maji. Baada ya kitambo alikuwa ameshachukua joto la mkono, na Saadiya hakuhisi tena mkono wake unaishia wapi na nyoka anaanzia wapi.

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wakamwita Amini, wakamzika siku hiyo hiyo. Wanawake walijaa nyumbani. Kila mmoja alikuja na neno lake: subiri, shukuru, utapata mwingine. Na kila mmoja alimtazama usoni kungojea jibu. Nyoka hakungojea kitu. Hakutaka Saadiya awe na subira wala alie. Alikula panya mmoja, akashiba siku nyingi, akakaa.

Bi Khairiya alipomwona alitaka auawe. Kisha akakumbuka kwamba nyoka wa nyumbani huambiwa kwanza aondoke kwa amani, maana huenda si nyoka. Akamtaka Saadiya amwambie. Saadiya akapiga magoti mbele ya kikapu na kusema kinyume chake. Alisema, "Hii ni nyumba yako. Karibu, ukae." Bi Khairiya akashika kifua, akatoka chumbani.

Wazir yeye alicheka. Panya waliokuwa wakimtafunia kamba za vitanda walitoweka, na hilo lilimtosha. Halafu naye akanogewa. Jioni alikaa barazani, chatu amemzunguka shingoni, watu wakipita kwa kujibana ukutani upande wa pili wa kichochoro, na Wazir alijiona mkubwa kwa kuaminiwa na kitu ambacho wenziwe hawakuthubutu kukigusa. Jirani yao Umulkheir alikuja mara ya kwanza akasimama mlangoni akitetemeka. Mara ya pili aligusa ngozi kwa ncha ya kidole, akastaajabu kuiona kavu, laini, imesukwa mapambo kama mkeka mzuri. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, hakuitwa, akaomba ampakate. Alisema moyo ulimdunda hadi masikioni, na alipotoka kwenda zake alikuwa mwepesi, kama mtu aliyelia akamaliza.

Siku chache baada ya ile salamu, harufu ilianza. Ilikuwa harufu ya wali mpya, ule unaokaribia kuiva, na ilijaa nyumbani saa ambazo jiko lilikuwa limezimwa na sufuria zimeoshwa. Bi Khairiya alipanda juu jikoni kutazama, akakuta majivu baridi. Aliposhuka, harufu ilikuwa imemtangulia, inatoka chumba cha ndani, nzito, tamu, inakaa kooni.

Kisha chatu akajivua gamba. Saadiya alilikuta nyuma ya kitanda akaanza kulivuta, akavuta, akavuta, na gamba halikwisha. Chatu wakati huo alikuwa hajazidi urefu wa mwanamke aliyelala. Gamba lile lilizunguka chumba kizima na ncha yake ikabaki chini ya mlango. Alilikunja kwa haraka akalisukumia chini ya godoro, na alipokuwa akilisukuma alisikia mtu akivuta pumzi nyuma ya shingo yake. Hakugeuka. Aliogopa, lakini alipomsimulia Bi Khairiya baadaye hakuficha kwamba ndani ya hofu ile mlikuwa na kitu kingine, kitu kilichofanana na furaha ya kungojewa na mtu.

Wazir naye akaanza kuugua. Kila alipojilaza baada ya chakula cha mchana aliamka akitweta, mkono kifuani, na mbavu zake zilikuwa na michirizi myeusi, kama mtu aliyefungwa kamba nene. Alisema ni uchovu wa kazi. Kisha siku moja alishindwa kuinua randa. Siku iliyofuata hakuweza kushuka ngazi.

Adhuhuri moja Bi Khairiya alimpelekea uji, na alipokaribia chumba akasikia mazungumzo. Sauti ya Saadiya, kisha sauti ya mwanamume, chini chini, sauti ambayo haikuwa ya mwanawe. Akachungulia kwenye pazia. Wazir alikuwa amelala usingizi wa homa kwenye kitanda cha upande wa ukuta. Chatu alikuwa amelala kwenye kishubaka cha ukutani, mdomo umefumbwa. Na Saadiya alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha pili, amefumba macho, ameegemea upande kama mtu aegemeavyo bega la mwenziwe, na hapo alipoegemea hapakuwa na kitu, ila godoro kando yake lilikuwa limebonyea chini kwa uzito mkubwa, na lilikuwa likizidi kubonyea, polepole, kama kwamba huyo aliyeketi alikuwa akigeuka kutazama mlangoni.

Uji ulimwagika. Jioni hiyo hiyo Bi Khairiya akatuma watu Faza wamlete Bi Barka, mganga.

Bi Barka alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye kutafuna tambuu wakati wote, na watu walimfuata kwa sababu hakuahidi asichokiweza. Alimkagua Wazir mbavu, akamtazama chatu kwa muda mrefu, akakaa chini mbali na kikapu. Akawaambia nyoka ni nyoka tu, mnyama wa Mungu, hana kosa. Aliyemo nyumbani ni mwingine, aliyepita ndia akasikia mtu akikaribishwa kwa moyo wote, akaingia.

"Mimi siwezi kumtowa," alisema, akiifunga mikono yake kwenye kanga. "Hakuvunda mlango huyu. Aliyemwambia karibu ndiye wa kumwambia toka. Na lazima atake kwa moyo, si kwa mdomo."

Wote wakamtazama Saadiya. Saadiya alitazama chini.

Bi Barka akamwonya yule asiyeonekana kwa siku tatu, kama ilivyo desturi, kwamba kama ni Mwislamu aondoke kwa amani. Siku ya tatu, jua likiwa juu ya paa, alifunga madirisha, akatia ubani chetezoni, akaanza kusoma. Mwanzoni ubani ulijaa chumbani. Kisha harufu ya wali ikapanda juu yake, ikaufunika, ikawa nzito hata Bi Khairiya akaziba pua kwa ushungi wake. Mdomo wa Saadiya ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya bwana mwenye adabu.

"Nalikaribishwa," ilisema. "Nani anifukuzaye?"

"Mwambie, mwanangu," Bi Barka akanong'ona. "Mwambie sasa."

Saadiya hakusema. Kitanda cha Wazir kikalia, na mgonjwa akafumbua macho, akafungua mdomo asipate pumzi, na wote wakaona nyama ya kifua chake ikididimia, bonde moja chini ya kwapa, bonde la pili chini ya la kwanza, likizunguka mbavu na kupotea mgongoni na kutokea tena tumboni, bila kamba, bila mkono, bila kitu chochote cha kuonekana, na miguu yake ikapiga mbao mara chache kisha ikaanza kulegea, huku Bi Khairiya akimwita mwanawe kwa jina bila sauti kumtoka, na Bi Barka akisoma kwa kasi akijikwaa kwenye maneno aliyoyajua tangu utotoni.

Saadiya aliinuka nusu. Hapo, kutoka kwenye kishubaka, mtoto mchanga akalia.

Kilikuwa kilio kidogo cha mtoto anayetafuta titi. Maziwa yaliyokauka miezi mingi yakamchoma Saadiya kifuani. Ile sauti ya adabu, sasa ndani ya masikio yake mwenyewe, ikamwambia kwamba mwanawe yuko, hajambo, na kwamba atampakata leo hii akinyamaza tu kidogo zaidi, akimwacha huyo kitandani amalize.

Kilio kikazidi. Saadiya akasikiliza, kichwa amekiinamisha, na machozi yakaanza kumtiririka. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa yake.

"Mwanangu hakulia," alisema. "Alitoka kimya. Nalingoja alie, hakulia." Akageukia kishubaka. "Wewe humjui Amini. Toka nyumbani kwangu. Sikutaki."

Kilio kikakatika. Wazir akavuta pumzi iliyosikika kama nguo inayochanika. Kisha kitu kizito kikaanza kujikokota sakafuni, kikapita kati ya wale wanawake kwa upepo wa baridi, kikashika ngazi, na wakakisikia kikishuka kidato kwa kidato, kikishuka, na mwisho wake bado uko chumbani, pazia bado linatikisika, na huko chini mlango wa nje umeshafunguka na watu wa kichochoroni wanapiga kelele, na kitu bado kinapita, bado kinapita, mpaka pazia likatulia.

Wazir alipona, ila hakuweza tena kupiga randa kwa mkono wa kushoto. Chatu walimkuta kikapuni amekificha kichwa chini ya mwili wake, akitetemeka. Bi Khairiya hakutaka tena auawe. Bi Barka akasema arudishwe bara, na aliyemkaribisha ndiye ampeleke.

Wakavuka kwenda Mokowe asubuhi, Saadiya na Bi Barka. Walitembea hadi majani yalipokuwa marefu, Saadiya akafunua kikapu. Chatu akatoka, akamzunguka mguu mara moja, akatulia hapo kama alivyozoea. Ilimbidi Saadiya amfungue kwa mikono miwili na kumlaza chini. Mwishowe akaenda, mwili mwembamba ukateleza kati ya majani, na majani yakajifunga nyuma yake.

Kisha yakafunguka tena. Hapakuwa na upepo. Yalilala chini kulia na kushoto, mapana kama njia ya ng'ombe, yakifuata alikopita yule nyoka. Halafu yakasimama. Yakaanza kulala upande wa huku, kuja walikokuwa, na yakasimama tena, karibu, kama mtu aliyekuja mlangoni na sasa angoja neno.

"Usimwambiye kitu," Bi Barka akanong'ona. "Hata kwaheri."

Saadiya akatia pembe ya buibui mdomoni. Wakarudi nyuma nyuma, kisha wakageuka, wakatembea hadi majini, wakavuka, na njia nzima hakuitoa ile nguo mdomoni. Walipofika Langoni Bi Khairiya alimsaidia kuvua buibui, akakuta pembe yake imetoboka kwa meno, na ina damu.