Mutahi Aenda Msituni Bila Panga

Mutahi hakuwa na usingizi. Hakuwa na hamu ya kula. Hakuwa na neno la kumwambia mkewe Ngendo, wala kicheko cha kumpa binti yao Tabby. Kazi alikuwa nayo, kwa maana alikuwa askari wa zimamoto mjini Nyeri. Ng'ombe wa maziwa alikuwa naye pia. Lakini yale yanayomfanya mtu apende kuamka asubuhi yalikuwa yamemtoka.

Yalimtoka siku nyumba za mbao zilipoungua. Zimamoto walifika paa likiwa limeanza kuanguka. Theuri, kijana wa bodaboda aliyezoea kukimbilia penye ajali, alikuwa ameshafika. Yeye na Mutahi waliingia pamoja, wakamtoa mtoto wa kike. Ambulensi ilikuwa mbali, kwa hivyo Theuri akawasha pikipiki na Mutahi akaketi nyuma amempakata mtoto. Njiani, kabla hawajafika mbali, Mutahi alihisi pumzi ya mtoto ikikoma. Hakumwambia Theuri. Alimwacha aende mbio mpaka mlangoni mwa hospitali.

Kazini kwao kulikuwa na desturi. Baada ya moto, watu hunywa chai na kuzungumza habari za mpira. Anayetaja wafu huambiwa analeta mkosi. Basi Mutahi alinyamaza, miezi ikapita. Jioni moja alimwambia Ngendo kwamba paa likimwangukia katika moto ujao, yeye hatakimbia.

Ngendo hakubishana naye. Alivaa leso akaenda kwa jirani yao Dawud, dereva wa ambulensi.

Dawud alikuja, akaketi. Alimweleza Mutahi kwamba hilo si uoga wala laana. Ni kidonda, ila kiko mahali pasipofungwa bandeji. Hospitalini kuna mshauri wa mambo hayo, na Dawud mwenyewe humwona. Tena iko kambi ya umma kule juu, mashamba ya chai yanapoishia na msitu kuanza. Wahudumu wa dharura na jamaa zao huingia bila kulipa, ili wapumzike.

"Niende msituni kufanya nini?" Mutahi akauliza. "Siko na kibali cha kuni."

"Kukaa tu, jirani."

"Mtu mzima akae tu? Watasema nimefutwa kazi."

Hata hivyo alienda, peke yake. Lakini aliona haya kupita mbele ya watu akielekea msituni mikono mitupu, kwa hiyo alibeba panga na kamba. Mlinzi wa lango, mama mmoja aitwaye Sophie, alimtazama akatikisa kichwa. Alimwambia kuni zina siku yake, na panga haliingii kambini. Mutahi aligeuka akarudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba hata msitu umemkataa. Usiku huo hakugusa chakula.

Kesho yake Dawud alipata habari, akaja.

"Ulimwambia nini pale langoni?"

"Sikumwambia kitu. Mimi ndiye huombwa msaada. Siombi."

"Na uso wako haukuandikwa zimamoto," Dawud akasema. "Onyesha kitambulisho cha kazi. Enda na mkeo na mtoto. Na hilo panga liache. Hata ng'ombe wako hupumzika, na hakuna anayesema amefutwa kazi."

Jumamosi walienda wote watatu, na viazi vitamu na chai. Sophie alisoma kitambulisho akafungua lango. Walikaa karibu na kijito. Baadaye moshi wa jiko la watu wengine uliwafikia. Mutahi akasimama ghafla. Ngendo alimshika mkono akamketisha. Hapo ndipo Mutahi alipomweleza habari ya ile pumzi, kwa mara ya kwanza. Kisha alilala usingizi kwenye nyasi, Tabby akimfukuzia nzi kwa jani.

Alipoamka hakuwa amepona. Mtoto wa siku ile ya moto hakuwa amefufuka. Lakini alikuwa amelala, na aliomba chai.

Akaanza kwenda kwa mshauri, na siku za mapumziko wakarudi kambini. Siku moja Ngendo akauliza, "Na Theuri je? Yeye hupumzikia wapi?"

Theuri alikuwa ameuza pikipiki. Alishinda nyuma ya kioski cha maziwa, hasemi na mtu. Kitambulisho cha kazi hakuwa nacho, kwa hivyo lango halikumjua. Mutahi alimfuata huko akamweleza ukweli wote.

"Ati alikuwa ameshaenda tukiwa njiani?" Theuri akauliza. "Mimi nilidhani ni mimi nilichelewa."

"Hukuchelewa. Ilinipasa nikuambie siku ile ile. Nisamehe."

Theuri alilia hadi wateja wakaondoka. Mutahi hakumnyamazisha.

Jioni hiyo walikaa pamoja mezani kwa Mutahi. Mutahi aliwaandikia wasimamizi wa kambi: "Kijana huyu huwa wa kwanza kufika penye ajali, na halipwi na mtu. Hana kitambulisho. Mimi nimeingia naye motoni, nami ni shahidi wake. Nawaomba mumfungulie lango, yeye na wenzake walio kama yeye."

Aliisoma barua kwa sauti. Theuri aliisogeza bahasha karibu. Mutahi akaitia barua ndani, akalamba gundi, akaifunga. Asubuhi walitembea wote wawili hadi posta, na Theuri ndiye aliyeitumbukiza sandukuni.