Jiwe Lililopita Motoni Mara Mbili

Asubuhi Patasi alitaka kuchemsha chai, lakini sufuria haikuwepo. Mama mkwe wake alikuwa ameshaifunga guniani pamoja na sahani zote.

"Jamani mama, hata chai hatunywi?"

"Mlima ukilipuka, moto wa kuchemshia utaletewa mpaka mlangoni," alijibu mama mkwe.

Mlango upi? Mume wa Patasi alikuwa ameshaung'oa na kuuegemeza ukutani, tayari kwa kuhama.

Patasi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu patasi haikumtoka mkononi. Miaka kumi na minane alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya chini ya mlima, nyuma ya nyumba. Nyumba yenyewe aliijenga kwa mawe hayo hayo, moja baada ya jingine.

Kisha ukazuka uvumi. Watu walisema mawe meusi ya mlima ule yametoka chini ya ardhi juzi juzi tu, na kwamba mlima utalipuka tena. Halmashauri ikatangaza: mawe yakionekana ni machanga, mtaa mzima utahama. Patasi alikosa usingizi. Aiache nyumba yake? Aende wapi?

Siku hiyo alifika mtaalamu wa miamba, dada mwenye kofia pana na nyundo ndogo. Alikuwa ametoka kileleni na vipande viwili vya mawe. Alitaka cha tatu kutoka machimboni. Mume wa Patasi, kwa kupenda kwake kusaidia, alimkabidhi jiwe lililokwisha kuvunjwa.

"Usijichoshe, dada. Hili hapa, kazi imekwisha."

Mtaalamu akalitia kwenye mfuko. Patasi hakuridhika.

"Jiwe halina cheti cha kuzaliwa," alisema. "Utajuaje umri wake?"

Mtaalamu alicheka, akaketi juu ya jiwe. "Swali zuri, mama. Ndani ya jiwe hili kuna potasiamu. Atomi zake chache hazitulii. Zinatoa mionzi na kugeuka kitu kingine. Baadhi zinageuka gesi iitwayo agoni."

"Zinageuka haraka?"

"Haraka gani! Nusu yake hugeuka kwa miaka bilioni moja na robo. Kisha nusu ya zilizobaki hugeuka kwa muda uleule. Mvua wala jua haviharakishi."

Patasi alipanga kokoto kumi na sita chini. Akaondoa nane. Akaondoa nne. "Hivi?"

"Hivyo hivyo! Tukipima potasiamu iliyobaki na gesi iliyozaliwa, tunahesabu miaka."

"Na hiyo gesi haitoroki?"

"Jiwe likiwa bado uji wa moto, gesi hutoka. Likipoa na kuganda, hesabu inaanza kwenye sifuri. Gesi inayozaliwa baada ya hapo hufungiwa ndani. Ila jiwe likichomwa tena, gesi inaweza kutoroka. Hapo litaonekana changa kuliko lilivyo."

Patasi aliutazama ule mfuko wenye jiwe. Pale machimboni, mwamba mgumu haukuvunjwa kwa nguvu peke yake. Kila mara waliuchoma kwanza kwa matairi tangu alfajiri, kisha wakaumwagia maji upasuke. Kuchoma matairi kulikatazwa, na wote walijua. Mumewe alimkonyeza anyamaze. Akisema, anajipalia makaa. Akinyamaza, nyumba inakwenda.

"Dada, hilo jiwe tulilichoma," alisema. "Juzi. Kwa matairi."

"Mama watoto!" mumewe alimaka.

"Niache, baba watoto! Hilo jiwe litatuhamisha!"

Mtaalamu alilitoa jiwe, akalinusa, akaliweka chini. "Asante sana, mama. Ningebeba uongo mpaka maabara. Na moshi wa matairi ni sumu. Mnawavutisha watoto wenu."

"Tumeshaacha," mume alidakia.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Patasi alichukua nyundo kubwa na patasi yake. Akaenda upande wa mwamba ambao moto haukuwahi kufika. Mtaalamu alimwambia aondoe ganda la nje lililoliwa na mvua, kwa sababu nalo hupoteza gesi. Patasi aligonga, akagonga, jasho likamtiririka hadi kwenye viatu. Mwishowe akatoa kipande kutoka moyoni mwa mwamba, cheusi na kizima.

"Hicho ndicho," alisema mtaalamu.

Zikapita wiki saba. Siku mtaalamu aliporudi, mtaa mzima ulijaa uani kwa Patasi.

"Vipande vyote vitatu vimetoa jibu moja," alisoma. "Miaka milioni kumi na moja! Tumeupima pia mlima wenyewe. Hautikisiki, wala hauna joto ndani. Umezimika zamani. Hahami mtu."

Watu walipiga kelele za furaha mpaka mbuzi wakakata kamba. Patasi alilia na kucheka kwa wakati mmoja, wala hakujali nani anamwona.

"Milioni kumi na moja!" alisema mama mkwe. "Halafu mimi ndiye mnayeniita mzee." Akafungua gunia, akatoa sufuria.

Mume alikuwa anahangaika na bawaba za mlango. Patasi akamnyang'anya nyundo. "Lete hapa. Wewe na njia zako za mkato tunazijua."

Aligonga msumari wa mwisho. Akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena ili ausikie tu. Kisha akaingia ndani kunywa chai.